Pijo Iliyovuka Bahari

Kama uko jikoni, endelea na chungu chako, tutazungumza hivyo hivyo. Kama uko kwenye daladala, mwombe dereva aongeze sauti kidogo, maana leo tunazungumza mambo ya magari na yeye yatamhusu.

Siku hizi kila nikisimama kwenye taa za barabarani, kuna mtu atashusha kioo aniulize: "Mzee, hiyo Pijo umeitoa wapi?" Wauza maji wanauliza. Waendesha bodaboda wanauliza. Juzi askari wa usalama barabarani alinisimamisha, nikatoa leseni, kumbe anataka kunieleza kwamba mjomba wake alikuwa nayo kule Singida. Basi nimeona niwajibu wote kwa pamoja hapa redioni. Gari langu ni Peugeot 404 ya mwaka 1967. Nimelinunua Uingereza nikiwa nimekaa hapa hapa Dar es Salaam. Sikuligusa kwa mkono wangu mpaka siku kontena lilipofunguliwa. Na leo nataka kukueleza jambo kama hilo linafanyikaje bila mtu kuumia, kwa sababu watu wanaumia, msikilizaji, na wengine wanaumia vibaya.

Kwanza, kwa nini gari la zamani kiasi hicho? Marehemu baba yangu aliendesha Pijo ya abiria kati ya Moshi na Arusha, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Likizo nilikuwa napanda naye. Nilikaa mbele, katikati, kati yake na abiria, na nafasi ilitosha, kwa sababu gia ya 404 haiko sakafuni. Iko pembeni mwa usukani. Miguu ya mtoto inakaa vizuri kabisa. Nilikuwa natazama mkono wa baba ukivuta ule mti wa gia, ukiushusha, ukiupandisha, na mpaka leo nikifumba macho nauona ule mkono.

Wenzangu wa rika langu mnajua pia habari ya Safari Rally. Mashindano yale yalianza 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka ya sitini 404 ilikuwa mfalme wake. Mwaka 1963 na tena 1968, mvua ilinyesha, barabara zikawa tope tupu, na katika kila mwaka kati ya hiyo miwili magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Saba, kati ya zaidi ya 80 yaliyoanza! Na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, akashinda Bert Shankland, ambaye makazi yake yalikuwa hapa hapa Dar es Salaam, naye kwa 404. Kwa hiyo gari hili si la Wafaransa peke yao. Sisi tunalijua kwa vumbi lake na tope lake.

Sasa ngoja nikwambie. Mapenzi ya namna hiyo ndiyo yanayomfanya mtu atume fedha akiwa amefumba macho.

Mimi nilikaribia kuzituma. Niliona picha za 404 nyeupe, safi, inang'aa, bei nusu ya niliyotarajia. Muuzaji akaniandikia kwa upole sana. Akasema amehamishwa kikazi, gari tayari liko kwenye ghala la kampuni ya usafirishaji, mimi nitume nusu ya fedha kwa hiyo kampuni, gari litaletwa, nikiridhika nimalizie. Inasikika vizuri, sivyo? Binti yangu ndiye aliyeniokoa. Alichukua zile picha akazitafuta kwenye intaneti, akazikuta kwenye tangazo la miaka mitatu nyuma, katika nchi nyingine, kwa jina lingine. Gari lile lile, hata ufa mdogo kwenye taa ya kushoto ni ule ule. Lilikwisha kuuzwa zamani kwa mtu mwingine kabisa. Kampuni ya usafirishaji haikuwepo. Ghala halikuwepo.

Kwa hiyo neno langu la kwanza leo, na nitalirudia: usinunue picha. Picha hainuki mafuta yanayovuja. Picha haipigi kelele ya gia iliyokwisha. Usinunue picha, tuma macho.

Tuma macho maana yake nini? Maana yake awepo mtu wako, mwenye miguu yake miwili, aende alipo gari. Na leo ni nani asiye na mtu ng'ambo? Shemeji yuko Leicester, mtoto wa shangazi yuko Reading, mliyesoma naye yuko Johannesburg. Kama huna kabisa, wapo wakaguzi wa kulipwa, na vipo vyama vya wapenzi wa gari lile lile unalolitaka, wanachama wake wanalijua gari hilo kuliko hata fundi. Fedha utakayomlipa mkaguzi usiihurumie.

Mimi nina mdogo wangu Coventry. Yeye si fundi, ni muuguzi. Nilimpa vitu vitatu vya kubeba: tochi, shuka kuukuu la kulalia chini ya gari, na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini ili isikwaruze rangi. Sumaku ya nini? Chuma hushika sumaku. Puti haishiki. Gari la zamani lililooza likazibwa kwa puti na kupakwa rangi, kwa macho ni zima kabisa. Ukipitisha sumaku chini ya milango na kuzunguka matairi, pale inapodondoka ndipo penye siri. Na Uingereza kutu si mchezo: wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili maji yasigande kuwa barafu, na chumvi ile inaingia chini ya gari na kula polepole, mwaka hadi mwaka.

Nilimwambia pia amwombe muuzaji asiwashe injini kabla yeye hajafika. Akifika aweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, aulize kwa nini. Injini iliyopoa usiku kucha ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu ugumu wa kuwaka na moshi wa asubuhi havijifichi.

Basi akaenda kwa treni, siku ya mvua. Muuzaji alikuwa mzee wa makamo ya baba yetu, amelikalia gari miaka mingi, ana sanduku la viatu limejaa risiti. Mdogo wangu akanipigia kwa video. Kabla hajatoa hata sumaku mfukoni, yule mzee akasema, "Kuna kitu lazima ndugu yako akione kwanza." Akafungua mlango wa dereva, akapiga magoti, akainua zulia la miguuni. Pale chini kwenye bati palikuwa na tundu, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Mdogo wangu akasogeza simu karibu. Kupitia lile tundu niliona kokoto za uani, zimelowa, na jani moja la njano.

Nikamwambia mdogo wangu: hilo ndilo gari.

Utashangaa. Nimechagua gari kwa sababu ya tundu? Ndiyo, na sitanii. Gari la zaidi ya miaka hamsini lazima liwe na ubovu mahali fulani. Lisilo na ubovu wowote halipo. Tofauti iko kati ya muuzaji anayeinua zulia na anayeliacha chini. Yule aliyeinua zulia, akikwambia gia imefanyiwa kazi, unaweza kuamini, na risiti zake zipo. Mimi nilimpa nafasi huyo mzee kuliko wote niliozungumza nao, na tundu lenyewe fundi wetu alilichomelea kwa siku moja.

Sasa twende kwenye makaratasi. Chukua kalamu kama iko karibu.

Uingereza kuna ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT, na kumbukumbu zake unaweza kuzisoma bure kwenye intaneti ukiwa na namba ya gari. Utaona maili zake zimepandaje, utaona wakaguzi waliandika nini juu ya breki na kutu. Ni hazina. Lakini kuwa mwangalifu hapa: tangu 2018, gari lililozidi miaka 40 na ambalo halijabadilishwa sana limesamehewa ukaguzi huo. Kwa hiyo kutembea kwake barabarani leo kihalali hakumaanishi kuna mtu alitazama breki zake hivi karibuni.

Jambo lingine. Kadi ya gari ya Uingereza inaitwa V5C. Watu wengi wanaiona hiyo wanadhani wameona mmiliki. Yenyewe imeandikwa waziwazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mwenye dhamana ya kulisajili na kulilipia kodi. Dai na risiti ya mauzo yenye sahihi, tarehe, bei na namba ya chesisi. Na namba ya chesisi mtu wako aisome kwenye chuma chenyewe, herufi kwa herufi, asiridhike na iliyoandikwa kwenye karatasi. Namba ya karatasi na namba ya chuma zikipishana hata kwa tarakimu moja, simama hapo hapo.

Na fedha? Mnaita TT, yaani kutuma benki kwa benki. Ni njia nzuri, ila kuna wizi mmoja umeenea. Wezi wanaingia kwenye barua pepe za muuzaji, wanasoma mazungumzo yenu kimya kimya, halafu siku ya malipo unapata ujumbe: akaunti yetu imebadilika, tuma hapa. Lugha ni ile ile, jina ni lile lile. Ukituma, imekwenda. Dawa yake ni simu. Piga namba uliyoizoea tangu mwanzo, usipige iliyokuja na huo ujumbe, umsikie mtu kwa sauti akikusomea namba ya akaunti. Nasema tena: piga simu, umsikie mtu.

Haya, gari limenunuliwa. Linakujaje?

Njia ni mbili. Ya kwanza ni zile meli za magari, zenye ghorofa nyingi ndani kama jengo la maegesho. Gari linaendeshwa hadi ndani, linafungwa, linashushwa kwa kuendeshwa. Ndizo zinazotuletea Vitz na IST kutoka Japani, na ni nafuu. Lakini fikiria: gari lako litaendeshwa na wageni kadhaa njiani, vijana ambao pengine hawajawahi kuona gia kwenye usukani wala choki ya kuvuta. Na ndani ya gari huruhusiwi kuweka vitu vyako.

Ya pili ni kontena. 404 ina urefu wa mita nne na nusu hivi, kwa hiyo kontena la futi 20 linaitosha na nafasi inabaki. Ni ghali zaidi, lakini nilichagua hiyo, na nafasi iliyobaki nikaijaza vipuri: raba za milango, seti ya breki, pampu ya maji, kioo cha mbele cha akiba. Kila kimoja nilikiorodhesha kwenye nyaraka za forodha. Usifiche kitu kwenye buti, msikilizaji. Kikionekana, watu wa forodha watakuwa na haki ya kutokuamini kwa lolote lingine.

Kuna adui wa kontena ambaye watu hawamjui: jasho. Mchana bati linapata joto, usiku linapoa, unyevu uliomo ndani unageuka matone juu ya dari na kudondokea gari. Majuma mengi hivyo! Gari lioshwe chini, likaushwe kabisa, na mifuko ya kunyonya unyevu itundikwe humo. Betri ikatwe waya. Mafuta yabaki kidogo tu. Magurudumu yazuiwe kwa magogo na kukazwa mikanda, lakini breki ya mkono usiiache imevutwa safari nzima, maana ving'ang'anizi vyake vikikaa hivyo kwenye unyevu hushikana na ngoma, na utakuja kuvunja kitu kulisogeza. Na kabla milango haijafungwa, mtu wako apige picha kila pembe, hata mikwaruzo ya zamani.

Bima sasa. Wengi wanaikwepa. "Meli kubwa ile itazama?" Mwaka 2022 meli ya magari iitwayo Felicity Ace iliungua karibu na visiwa vya Azores ikazama, pamoja na magari kama 4,000. Lakini hata meli isipozama kuna jambo la kale sana la sheria ya bahari, ambalo ningependa kila anayeleta mzigo alijue. Nahodha akilazimika kutoa kafara sehemu ya mzigo, au kuingia gharama kubwa ili kuiokoa meli, hasara ile inagawanywa kwa mwenye meli na wenye mizigo wote. Hata wewe ambaye gari lako halikuguswa. Mnakumbuka 2021, ile Ever Given iliyokwama kwenye Mfereji wa Suez? Mwenye meli alitangaza utaratibu huo huo, na wenye kontena wakatakiwa kutoa dhamana kabla ya kupewa mali zao. Mwenye bima, bima yake inasimama. Asiye nayo anasimama mwenyewe.

Na muda usiupangie harusi. Novemba 2023 meli ya magari, Galaxy Leader, ilitekwa kwenye Bahari ya Shamu, na baada ya hapo meli nyingi zikaacha njia ya Suez, zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa ya Afrika. Safari ikarefuka. Gari langu lilichelewa kufika kuliko nilivyoahidiwa, na kila siku nilikuwa naitazama meli kwenye simu, kinukta kidogo baharini.

Bandarini ndiko nilikopata somo langu chungu. Utahitaji wakala wa forodha mwenye leseni, na umpate kabla gari halijaondoka huko, usisubiri meli ikiwa imetia nanga. Kodi zinaanzia kwenye ile mnayoita CIF, yaani bei ya gari, bima na nauli ya meli kwa pamoja. Hapo unawekwa ushuru wa forodha asilimia 25, unakuja ushuru wa bidhaa, na gari la umri huu linaongezewa na ushuru wa uchakavu, kisha VAT asilimia 18 juu ya hiyo jumla iliyokwisha kuvimba. Mamlaka ya Mapato ina kikokotoo kwenye tovuti yake, na gari la zamani kama halimo, uwe na risiti zako za kweli mkononi. Kwangu mimi, bei ya gari lenyewe haikufika nusu ya nilichotumia mpaka kuliwasha Dar es Salaam. Haikufika nusu. Anayepanga bajeti ya gari, apange na hilo.

Na somo lenyewe? Hati ya shehena, ile mawakala wanayoiita BL, iliandikwa jina langu kwa makosa na ofisi moja huko lilikopakiwa. Herufi moja ilirukwa. Namba yangu ya mlipakodi ina jina kamili, BL ina jina pungufu, mfumo ukakataa. Siku zikapita za kuandikiana barua, na kila siku gharama ya kuhifadhi kontena inapanda. Nakala ya BL nilitumiwa mapema kabisa kwa barua pepe. Niliitazama harakaharaka nikafurahi. Sikuisoma. Isome, msikilizaji, jina, namba ya chesisi, bandari, herufi kwa herufi, wakati meli bado haijang'oa nanga na kurekebisha ni rahisi.

Wasikilizaji wetu wa Kenya, kwenu mambo ni tofauti: gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa. Lakini ninyi mmejaliwa, magari ya kale mnayo hapo hapo, na mashindano ya urembo wa magari Nairobi yamekuwapo tangu 1970. Tafuteni kwenye mabanda ya Nakuru na Eldoret. Uganda nako, tangu 2018 sheria inazuia gari la miaka 15 kwenda juu. Na sisi wa huku, tukumbuke usukani. 404 za Ufaransa usukani wake uko kushoto, ndiyo maana nilitafuta Uingereza, na ningeweza kutafuta Afrika Kusini pia.

Dakika zetu zinakwisha, ila siwezi kuondoka bila kukueleza siku yenyewe.

Lakiri ikakatwa, milango ya kontena ikafunguliwa, na harufu ikatoka kwanza: ngozi ya viti, petroli, na ubaridi wa mahali pengine. Betri ilikuwa imekufa. Vijana wakaanza kutafuta waya za kuazimia moto. Fundi wangu, mzee aliyejifunza kazi kwenye magari haya haya, akawaambia watulie. Akafungua buti, akatoa hendeli, ule mchuma uliopindwa, akauchomeka kwa mbele. Akazungusha mara moja, kimya. Mara ya pili, ikakohoa. Mara ya tatu injini ikashika, na vijana waliokuwa wamezunguka wakapiga makofi, maana wengi wao hawakuwahi kuona gari likiwashwa kwa mkono.

Jumapili nikampelekea mama. Nilimfungulia mlango wa mbele. Akapita, akaenda mlango wa nyuma, upande wa kushoto, akakaa, akaweka mkoba mapajani, akatazama nje. Akasema, "Hapa ndipo nilipokaa baba yako akinipeleka hospitali kukuzaa."

Tukazunguka naye mpaka jua likazama.

Msikilizaji mpenzi, tukutane tena wiki ijayo, siku na saa kama hii. Mimi nikitoka hapa naelekea gereji, kule mtaa wa Gerezani. Mpira wa redieta umeanza kuvuja, na fundi ameniambia niwahi kabla hajafunga.